Bastola Inayodhaniwa Kuwa Tupu

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie usalama katika kushika bastola, nami nitajifunga kwenye jambo moja tu, yaani risasi inayotoka bila mshikaji kukusudia. Wengi wakisikia habari za namna hiyo huilaumu silaha. Silaha zenye kasoro zipo, na nitazigusa baadaye, lakini bastola ya kisasa iliyo nzima kwa kawaida haifyatuki mpaka triga ivutwe. Kwa hiyo, mara nyingi maswali yanayostahili kuulizwa ni mawili: kidole kilifuata nini pale kwenye triga, na ni nani aliyesema kwamba haina risasi.

Anayelenga shabaha akili yake yote imo kwenye silaha. Hatari hujificha katika shughuli ndogondogo: kutoa risasi baada ya zamu, kusafisha, kumwonyesha rafiki, kuirudisha bastola kwenye ala yake. Mmarekani Jeff Cooper, aliyeanzisha shule ya ufyatuaji huko Arizona mwaka 1976, aliacha kanuni nne ambazo wakufunzi wengi wanazifuata hadi leo. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu usielekezwe kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umekwisha kulenga. Na uwe na hakika na shabaha pamoja na kilicho nyuma yake. Uzuri wake ni kwamba kanuni moja huziba pengo lililoachwa na nyingine: aliyeteleza kidole huku mtutu ukitazama mahali salama ataambulia tundu na aibu, wala hataambulia msiba.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya kutoa risasi, kwa kuwa hapa ndipo watu hodari hukwama. Bastola ya magazini huweka risasi mahali pawili: ndani ya magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachochomolewa, na ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Ukichomoa magazini umeondoa zote isipokuwa moja, na hiyo moja inatosha kuua. Mwenye haraka huanza kwa kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na kurudi mbele; risasi huruka nje, naye huridhika, asitambue kwamba slaidi iliporudi mbele ilichota nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma chembani. Ndipo anapochomoa magazini. Sasa ameshika bastola isiyo na magazini, ameiona risasi ikitoka kwa macho yake mwenyewe, na yuko tayari kuapa kwamba ni tupu. Bastola nyingi hufyatuka hata kama magazini haimo; chache, kama Browning ya mwaka 1935, ziliundwa zisifyatuke katika hali hiyo, na aliyezoea hizo akishika ya aina nyingine mazoea yake humgeuka.

Mpangilio ulio sahihi ni huu: mtutu uelekee mahali salama, kidole kinyooke juu ya fremu, yaani kiunzi cha bastola, magazini itoke kwanza, ndipo slaidi ivutwe mara mbili au tatu na kufungwa ikiwa nyuma. Kisha tazama chembani, halafu papasa kwa ncha ya kidole, kwa maana gizani jicho hudanganyika, na kifaa cha kuvutia ganda kikivunjika huweza kuiacha risasi ndani. Bastola kadhaa, zikiwemo za Glock, hudai triga ivutwe kabla ya kufunguliwa kwa usafi. Aliyeruka ukaguzi huo hupata jibu lake hapo.

Kukabidhiana silaha ni mtihani mwingine. Januari 2013, katika mkahawa mmoja wa Johannesburg, bastola ilipitishwa chini ya meza ikiwa na risasi chembani, ikalia mikononi mwa mwanariadha Oscar Pistorius, na mwaka uliofuata mahakama ya Pretoria ikamtia hatiani kwa kosa hilo. Bastola hukabidhiwa ikiwa wazi, slaidi nyuma na magazini nje, na anayeipokea huikagua upya hata kama amemwona mwenzake akiikagua sekunde moja iliyopita. Asiyependa kukaguliwa asimpe mtu silaha.

Kuhusu kidole, maumbile yenyewe hayatusaidii. Mtu akishtuka, akijikwaa, au akikaza mkono mmoja kwa nguvu, mkono wa pili nao huweza kukaza bila yeye kutaka. Triga ya bastola nyingi za kazini huhitaji nguvu ya kilo 2.5 hivi, na mkono ulioshtuka huivuka bila taabu. Ndiyo maana nasisitiza kidole kikae juu kwenye fremu. Kikiegeshwa kwenye ukingo wa kilinda triga, ile pete inayoizunguka triga, kikiteleza kinaangukia ndani.

Kurudisha bastola kwenye ala hakuna mshindi wa mbio. Kamba ya koti au pindo la shati likiingia kwenye kilinda triga, linavuta sawasawa na kidole. Ala iwe ngumu, iifunike triga yote. Ya ngozi iliyochakaa hadi ikajikunja ndani ni ya kutupa.

Bastola ikikuponyoka, iache ianguke. Revolva za zamani, yaani bastola za silinda inayozunguka, kama Colt ya mwaka 1873, nyundo yake, ile inayoigonga risasi, iliegemea kwenye risasi, na waliojua walibeba tano katika nafasi sita. Siku hizi bastola nyingi zina vizuizi vya ndani dhidi ya mshtuko, ingawa mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza marekebisho ya bastola yake ya P320 baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Hata hivyo, mkono unaoidaka hewani una nafasi kubwa zaidi ya kukutana na triga. Nayo sefti, yaani kifungio cha usalama cha bastola, mnisamehe mnaoiamini, ni msaidizi tu: ni kifaa, na kifaa husahaulika au huharibika.

Ukivuta triga na risasi isilie, usiigeuze bastola kuichungulia. Ielekeze shabahani kwa sekunde 30 ndipo uitoe risasi hiyo. Ikilia kwa sauti hafifu kuliko kawaida, simama kabisa, kwa kuwa risasi huenda imekwama mtutuni, na inayofuata inaweza kuupasua.

Nyumbani, silaha ifungiwe kwa kufuli na risasi zifungiwe mbali nayo. Kuficha juu ya kabati si kufungia. Mtoto huyajua maficho ya nyumba kuliko tunavyodhani.

Tunakwenda sasa kwenye meza za mazoezi, ambako mtatumia risasi bandia. Risasi za kweli zibaki nje ya chumba, pamoja na zilizomo mifukoni. Simu ikikukatiza katikati, anza ukaguzi upya tangu mwanzo. Na ukishatangaza kwamba umemaliza na kurudisha risasi za kweli, usijaribu tena "mara moja tu ya mwisho", kwa maana mikono ingali katika mazoezi ilhali bastola imekwisha kutoka humo.