Tangazo Lisilotaja Saa Wala Mahali: Habari za Mtaa Wakati wa Mlipuko

Mhadhara uliotolewa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), mbele ya wanafunzi wa uandishi wa habari, watu wa redio na wafanyakazi wa afya

Bwana mwenyekiti, walimu wetu, madaktari mlioacha wagonjwa wenu mchana huu, wenzangu wa redio, na ninyi wanafunzi mliochagua viti vya karibu na mlango: asanteni kwa kunialika. Wapo humu watu waliokwisha kunisikia nikizungumza jambo hili, na mmoja wao nimemwona akifunga daftari mara tu jina langu lilipotajwa. Simlaumu. Nitarudia yale yale kwa sababu matangazo yetu nayo bado yana upungufu ule ule.

Ninachodai ni kwamba wakati wa mlipuko wa ugonjwa, habari inayomfaa mkaaji wa mji huu ni ile inayomwambia huduma ipi ipo, iko mahali gani, inafunguliwa saa ngapi, ni ya bure au inalipiwa kiasi gani, na nani wa kuulizwa ikikosekana. Hesabu ya wagonjwa na ya waliokufa ni habari pia, siikatai, lakini sijamwona bado mtu wa mitaa yetu kama Ndosho au Majengo aliyeamka asubuhi akapanga siku yake kwa kufuata hesabu hiyo. Anaipanga kwa kufuata maji, soko, shule, mpaka na kituo cha afya. Sitawaeleza Ebola ni nini wala korona ilitufikiaje, maana mlikuwapo.

Tuanze na maji, na wenye kunijua wanajua kwamba huenda tukamalizia hapo hapo.

Mwaka 2020, baada ya Rais wetu Tshisekedi kutangaza hali ya dharura ya korona tarehe 24 Machi, redio za mji huu, ikiwemo ile niliyokuwa nikiifanyia kazi, zilikuwa zikirusha tangazo la kunawa mikono mara nyingi kwa siku, hata watoto wakalishika kwa moyo na kuliimba njiani. Lilikuwa tangazo zuri kwa sauti na kwa muziki, na hatua zote za kunawa zilitajwa humo, pamoja na kusugua katikati ya vidole. Siku moja tulikuwa na daktari studioni, tukawafungulia wasikilizaji simu, akapiga mama mmoja wa Ndosho. Alisalimia kwa adabu, akamshukuru daktari kwa mafundisho yake, kisha akauliza: «Daktari, hayo maji yanayotiririka, kwetu yatatiririka lini?» Daktari, ambaye ni mtu mwema kabisa, alimjibu kwa kurudia hatua za kunawa mikono kuanzia ya kwanza. Mama alimwacha amalize, akasema: «Hizo nimezishika, baba. Mimi nimeuliza maji.» Daktari akamwambia kwamba sabuni nayo ni ya lazima. Hapo simu ikakatika, na sina hakika kama ni mtandao ulioikata au ni mama mwenyewe aliyechoka nasi.

Tuliendelea na msikilizaji mwingine kana kwamba mama yule hakuuliza kitu, na hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwa maana swali lake lilikuwa limebeba habari za kutosha kipindi kizima. Lilikuwa linatuambia kwamba robine, yaani bomba la maji, ya avenyu yake imekauka. Kwamba bidoni, yaani dumu, ya lita 20 inayoletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imepanda bei kwa sababu wanunuzi wameongezeka. Kwamba watoto, ambao shule zimefungwa, ndio wanaotumwa ziwani. Na kwamba penye robine inayotoa maji watu wamebanana katika mstari ambao hakuna agizo la kuachiana mita moja linaloweza kuufungua. Kila mmoja humu anajua kwa nini mambo yako hivyo. Goma ina Ziwa Kivu zima miguuni pake, lakini imekaa juu ya mawe ya volkeno, na kuchimba mtaro wa bomba katika mawe hayo ni kazi ya pesa nyingi na jasho jingi, ndiyo maana mabomba hayakuweza kuufuata mji ulivyokuwa ukipanuka kuelekea Ndosho na Mugunga. Mwandishi wa habari anayelijua hilo, kisha akasoma tangazo la maji yanayotiririka bila kuuliza yatatoka wapi, amesoma nusu ya tangazo.

Na asiye na robine anakwenda ziwani. Mliofika ufuoni wakati wa kipindupindu mmemwona yule kijana wa klorini: ameketi juu ya jiwe, ana chombo cha dawa karibu na magoti, na mkononi ameshika bomba la sindano lililoondolewa sindano yake. Anavuta dawa kidogo, anaimimina ndani ya kila bidoni inayopita mbele yake, haombi hata faranga moja, na anamkumbusha mwenye bidoni asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Hiyo ni huduma ya umma iliyo safi kuliko nyingi ninazozijua. Lakini mama anayekaanga mandazi huchota maji alfajiri, giza halijatoka, na kijana wa klorini hufika jua likishachomoza. Kwa hiyo bidoni za kwanza, zile ambazo watoto watazinywa kabla ya kwenda shule, zinapanda mjini bila dawa. Tangazo linalosema «tibuni maji yenu» halimfikishi mama huyo popote. Linalosema kwamba kijana wa klorini wa ufuo fulani anaanza saa kumi na mbili na nusu, na kwamba kabla ya hapo dawa inapatikana kwa shefu, yaani kiongozi, wa avenyu fulani, hilo linamsaidia. Tena likisomwa kila jioni, mkubwa wa yule kijana ataona aibu na atamleta saa kumi na moja. Nimeona aibu ikifanya kazi ambayo barua zenye mihuri hazikuifanya. Mji huu, ambao mwaka 1994 uliona kipindupindu na kuhara damu vikiua makumi ya maelfu ya wakimbizi kandokando yake, haupaswi kufundishwa na mtu kama mimi kwamba saa ya kuchota maji ni habari.

Mtaniambia kwamba redio siyo ofisi ya maji. Nimeambiwa hivyo na watu wenye vyeo, na mmoja aliniambia huku anacheka. Ni kweli kwamba redio haitoi maji, lakini inaweza kutoa jibu, na jibu nalo linapatikana kwa kazi ndogo sana: unapiga simu ofisini asubuhi, unauliza mtaa upi utapata maji leo, na wasipopokea unawaeleza wasikilizaji kwamba ulipiga saa tatu na haikupokelewa. Baada ya mama yule wa Ndosho tuliwaomba mashefu wa avenyu kadhaa watutumie ujumbe jioni, waseme robine ipi imetoa maji, kuanzia saa ngapi, na bidoni imeuzwa kwa bei gani. Ujumbe ule tuliusoma kwa dakika chache kabla ya habari kuu. Ninawahakikishia kwamba hakuna mahojiano na mheshimiwa yeyote yaliyowahi kutuletea simu nyingi kama orodha ile kavu ya robine. Mwenzangu mmoja alihofia kwamba tukiitaja robine moja mji wote utaikimbilia. Ndiyo sababu unazitaja zote, na unapotaja moja tu ndipo unapoleta vurugu.

Madaktari nao wana pingamizi lao, nami naliheshimu: wanasema watu waujue ugonjwa kwanza, mambo mengine yatafuata. Basi tukumbuke Beni, mji wa kaskazini mwa mkoa wetu. Mwishoni mwa mwaka 2018, katikati ya Ebola, watu wa Beni na Butembo waliambiwa kwamba uchaguzi wa urais, uliopangwa tarehe 30 Desemba, kwao umeahirishwa hadi Machi, na Ebola ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, lakini vyumba vya kupigia kura ndivyo vilivyoonekana kuwa hatari. Tarehe 27 Desemba waandamanaji wakavamia kituo cha kupokelea wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Wale watu walikuwa wameusikia ugonjwa kwa miezi, na dalili zake wangeweza kuzitaja wamefumba macho. Walichokuwa wamekikosa ni maelezo ya kweli juu ya nini kimefungwa, kwa nini kimefungwa na kwa nini jirani yake hakikufungwa, na pengo hilo likijazwa na uvumi, msimtafute mchawi.

Hesabu nayo ina upofu wake. Mlipuko ule wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, uliua watu 2,287. Surua, iliyokuwa ikienea nchini wakati huo huo, ilikuwa imekwisha kuua zaidi ya watu 6,000 kufikia Januari 2020, wengi wao watoto wadogo, na surua ina chanjo ya miaka mingi inayotolewa bure. Pimeni wenyewe muda ambao kila ugonjwa ulipewa katika redio zetu. Mama aliyesikia kwamba kituo cha afya ni mahali pa kupimwa homa kwa kifaa cha kuelekezwa kwenye paji la uso alihitaji kuambiwa pia kwamba siku ya kuchanja watoto iko pale pale, Jumatano kama zamani, ikiwa ni Jumatano. Sentensi moja ingetosha, lakini haikuwa na mfadhili, basi haikusomwa.

Msidhani naona ubaya tu. Pasta aliyekuwa mgonjwa alipofika hapa kwa basi kutoka Butembo, Jumapili tarehe 14 Julai 2019, akawa mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na Ebola ndani ya Goma, Wizara ya Afya haikuishia kusema «tulieni». Ilisema kwamba dereva na abiria 18 wa basi lile wamejulikana, na kwamba watachanjwa kuanzia kesho yake. Mtu aliyekuwa na hofu angeweza kujipima: mimi sikupanda basi hilo, wala ndugu yangu. Taarifa kama hiyo hutuliza mji kuliko maneno matamu.

Mfano mwingine ni wa volkeno, nao ulitokea korona ikiwa bado ipo. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru watu waondoke katika mitaa 10 kati ya 18 ya mji, akaitaja kwa majina: Majengo, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Le Volcan, akaonyesha na njia ya kuelekea Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma. Mnaweza kubishana juu ya uamuzi wenyewe, lakini tangazo lilikuwa na mitaa na lilikuwa na mwelekeo, na mtu wa Himbi alijua kwamba jina la mtaa wake halimo. Upungufu ulianzia Sake. Watu waliolala makanisani, madarasani na kandokando ya barabara, wakiwa wamebanana katika msimu wa ugonjwa wa mapafu, walikosa sauti ya kuwaambia maji ya kunywa yako upande gani na mjamzito apelekwe wapi. Redio zilikuwa zikizungumzia mlima, na watu walikuwa wanauliza choo.

Bwana mwenyekiti ananionyesha saa, basi mengine nitayakimbiza. Juu ya mpaka: Petite Barrière, kivuko cha miguu cha kwenda Rwanda, ilipofungwa kwa korona, mama wanaovuka na vikapu vyao waliambiwa kwamba biashara itaendelea kwa kukusanya mali ndani ya magari. Gari la nani, linapakia wapi, fungu la kila mmoja linaandikwa na nani, hayo waliyapata kwa motari, yaani madereva wa pikipiki, na kwa majirani. Juu ya chanjo: ile ya korona ilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021, dozi milioni 1.7, ikaanza kutolewa tarehe 19 Aprili, na dozi zilizo nyingi zikarudishwa ili nchi nyingine zizitumie kabla hazijaharibika. Ile ya mpox ilianza kutolewa hapa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, ikianzia kwa wahudumu wa afya na watu walio katika hatari zaidi. Katika habari «chanjo imeanza» mtu wa kawaida alikuwa na haki ya kusikia katika sentensi ile ile kwamba zamu yake bado, badala ya kupanga mstari na kurudishwa. Juu ya zile ndoo zenye robine zilizowekwa milangoni mwa maduka tangu wakati wa Ebola, nendeni mkazitazame zilizobaki. Moja nimeikuta imetunziwa vitunguu, na mwenye duka hakuona la ajabu, kwa kuwa aliyeileta hakuwahi kusema nani ataijaza.

Ilibaki sehemu nzima juu ya pesa, yaani nani analipia tangazo na kwa nini anayelipa ndiye anayechagua neno la kuachwa, lakini hiyo nitaijibu kama mtu ataiuliza. Daktari aliye pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja hesabu za Ebola na surua, basi na aanze yeye.