Mbeya na Iringa: kituo cha sanaa ya majaribio hakihitaji jengo la mabilioni

Wana Nyanda za Juu Kusini, habari zenu. Wakubwa wote, shikamooni. Leo nawaonyesha hili jengo la mawe lililo nyuma yangu, hapa kwenye bandari ya zamani ya Bristol, Uingereza. Linaitwa Arnolfini, na leo ni kituo cha sanaa ya majaribio. Lilijengwa karne ya 19 kama ghala, na likahifadhi chai. Watu wa Mufindi na Rungwe, mnanisikia? Chai.

Arnolfini ilianza mwaka 1961 katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitabu. Ilihamia hapa 1975, meli za mizigo zilipokuwa zimeshaikimbia bandari na maghala yamebaki matupu. Na msiniambie "huo ni mji mkubwa". Sensa ya 2021 iliwakuta watu kama 472,000 Bristol. Jiji la Mbeya, sensa yetu ya 2022, lina watu zaidi ya 540,000.

Sasa, kazi ya kituo kama hiki mjini ni ipi? Wengi mnapima kwa watu waliojaa ukumbini. Kwa kipimo hicho kituo cha sanaa ya majaribio kitashindwa kila wiki, maana kazi yake ni kuhifadhi kitu ambacho bado hakina mnunuzi. Mwaka 1985 Arnolfini iliwaita vijana wa grafiti, yaani wachoraji wa kuta za mitaani, waingie ndani, wakati ule wengi walikuwa wanawaona waharibifu wa kuta. Mmoja alikuwa Robert Del Naja, anayejiita 3D, na kundi lake la The Wild Bunch lilipiga muziki humohumo. Mwaka 1988 watu wa kundi hilo walianzisha Massive Attack, kundi la muziki lililokuja kuvuma duniani. Mwaka 2009 makumbusho ya mji ilifungua maonyesho ya Banksy, mchoraji wa grafiti wa hapa Bristol, yakapata wageni zaidi ya 300,000. Miaka 24 imepita kati ya ule ukuta wa kwanza na ile foleni! Sisemi kituo ndicho kiliwatengeneza, wale walikuwa wanafanya yao mitaani tangu zamani. Kituo kiliwapa ukuta halali, umeme na muda.

Na msidhani majaribio ni mambo ya wazungu. Mganda, ile ngoma ya kule Ziwa Nyasa, ni nini? Watu walichukua gwaride la askari wa kikoloni, wakatengeneza tarumbeta za vibuyu, wakacheza kwa mstari na suti zao. Yule aliyeupeleka mara ya kwanza mbele ya wazee lazima kuna waliokunja sura.

Haya, tuje nyumbani. Iringa mna Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho na kituo cha utamaduni, na mna Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono ya watu wenye ulemavu, tangu 2003. Dar wana kituo cha wasanii cha Nafasi Art Space, kilifunguliwa 2008, studio zake nyingi ni makontena. Kinachokosekana huku kwetu ni ukumbi mtupu, mweusi, wenye viti vya kuhamishika. Godauni la Iyunga la mita 10 kwa 14 linatosha watu 80 hadi 100, na eneo la kuchezea la mita 7 kwa 7 linabaki. Sakafu iwe sawa, jukwaa la zege msijenge. Ukishalimwaga, kila kikundi kitalazimika kucheza kikitazama upande mmoja mpaka jengo lichakae.

Adui wa kwanza ni bati. Mvua ya Mbeya ikianza, muigizaji anabaki kufungua mdomo tu. Dari jepesi la silingibodi tabaka moja halisaidii sana. Weka tabaka mbili, viungo vya la pili visikutane na vya la kwanza, acha nafasi ya sentimita 30 hivi chini ya bati, kisha ziba mapengo yote kwenye kenchi. Hata hivyo mvua kubwa utaisikia, kwa hiyo panga tamthilia za maneno Juni hadi Oktoba, na masika yabaki ya mazoezi, picha na ngoma. Ngoma ya ing'oma haiogopi bati!

Adui wa pili ni mwangwi. Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mlio unatetemeka kati ya kuta mbili, ning'iniza mapazia mazito yenye mikunjo, yakae sentimita 10 mbali na ukuta, maana hiyo hewa ya nyuma nayo inafanya kazi. Sponji za magodoro msibandike kabisa. Zinashika moto haraka na moshi wake ni sumu. Na milango iwe miwili, ifunguke kwenda nje.

Taa sasa, hapa ndipo pesa inapoliwa. Taa za zamani za jukwaa ni wati 1,000 kila moja. Kumi na mbili ni wati 12,000, na kwa volti 230 hizo ni ampea 52. Kwenye laini ya fezi moja, ukiwasha na birika la chai, swichi kubwa inakata katikati ya onyesho. LED kumi na mbili za wati 80 hazifiki hata ampea 5. Zifunge kwenye bomba la chuma la inchi moja na nusu, ambalo kwa nje ni milimita 48, kwa sababu klampu nyingi za taa zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Kila taa iwe na waya wa usalama wa pili. Na kabla hujaning'iniza chochote, fundi apande akague kenchi, hasa za mbao.

Spika zikiunguruma mmmm, mara nyingi mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, imechomekwa soketi hii na kompyuta soketi ile, ethi zinazunguka. Vifaa vyote vya sauti vitoke sehemu moja, mbali na laini ya taa. Kuna mafundi watakuambia "kata waya wa ethi". Huyo mfukuze. Projekta ya balbu iwekee UPS, yaani betri ya akiba, hata ya dakika kumi: umeme ukikatika ghafla feni inasimama balbu ikiwa bado ya moto, na balbu inakufa mapema.

Picha za ukutani ni rahisi. Katikati ya kila picha iwe sentimita 145 kutoka sakafuni, taa ipige kwa nyuzi 30 kutoka wima ili kioo kisirudishe mwanga.

Ratiba je? Anzeni na jioni ya kazi mbichi mara moja kwa mwezi: vikundi vitatu, dakika 15 kila kimoja, kisha maongezi. Msimamizi asiulize "mmependa?", sisi kwa heshima zetu tutasema tumependa. Aulize "mmeona nini?" Hapo ndipo msanii anagundua kwamba nusu ya ukumbi haikuelewa yule mama kwenye igizo alikuwa marehemu.

Kuhusu fedha, mfadhili mmoja ni hatari. Arnolfini yenyewe mwaka 2017 ilitangaziwa kuondolewa kwenye orodha ya taasisi zinazofadhiliwa mara kwa mara na Arts Council England, baraza la sanaa la kule. Ina duka la vitabu na mgahawa, na nyie wekeni chai na maandazi, kodisheni ukumbi mchana kwa mikutano. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, lakini ule unatoa mikopo, na mkopo unarudishwa, kwa hiyo usiutumie kwenye onyesho lisilo na kiingilio. Utumie kwenye taa na viti, vitu vya kukodisha.

Mkijisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, pitieni kwanza kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mpelekeeni ratiba ya miezi mitatu iliyoandikwa. Akishaona ratiba ataacha kuwauliza kama mnafungua baa.

Na godauni mkilipata, msilipe kodi siku ya jua. Nendeni mvua ikinyesha, mmoja asimame ukuta wa huku asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mwingine awe mita 10 mbali. Asiposikia, toeni gharama ya dari kwenye bei, ndipo muongee na mwenye nyumba.