Aliyeshika Mashine: Hip Hop Kutoka Bronx Hadi Tandale

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Nimeombwa nizungumzie hip hop ilivyobadilika, na kwa kawaida mhadhara wa namna hii huwa orodha ya wachanaji, yaani wanaorap, kuanzia mkongwe kabisa hadi kijana wa juzi. Leo wachanaji wengi nitawaruka, mnisamehe. Nataka tumfuate mtu mwingine: yule anayeshika mashine. Mimi naamini ukishajua nani alikuwa na mashine, na mashine gani, umeshajua kwa nini muziki wa zama hizo ulisikika vile.

Twende Bronx, New York, Agosti 11, 1973. Binti anayeitwa Cindy Campbell anataka nguo mpya za kufungulia shule. Anaandaa disko kwenye ukumbi wa jengo wanamoishi, namba 1520 barabara ya Sedgwick. Kiingilio: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Anayepiga muziki ni kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Mtaani wanamwita Kool Herc.

Herc alikuwa na jicho. Aliwatazama wachezaji akaona kwamba hawachangamki wimbo mzima. Wanasubiri pale waimbaji wanaponyamaza, vyombo vingine vinapotulia, ngoma zinabaki peke yake. Kipande hicho ni cha sekunde chache tu. Basi akawa anachukua santuri mbili za wimbo uleule: kipande kikiisha huku, anakianzisha kule, kisha anarudi huku, mpaka zile sekunde zinakuwa dakika nzima na watu wanatoka jasho. Waliocheza juu ya kipande hicho ndio mabiboi wa mwanzo. Na Coke La Rock, rafiki yake aliyeshika maiki, kazi yake ilikuwa kusalimia watu kwa majina, kutania, kupandisha mzuka. Hebu mlishike hilo: mchanaji alianza kama msaidizi. Mwenye shughuli alikuwa DJ.

Wakaja wengine. Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados aliyesomea mambo ya umeme, alichora alama kwenye santuri ajue kipande kinaanzia wapi, asikose hata pigo moja. Grand Wizzard Theodore, kijana mdogo kabisa, akaleta kukwaruza, yaani kuisukuma santuri mbele na nyuma kwa mkono. Haya yote yalifanyika kwenye kumbi na viwanja vya wazi, bila wimbo hata mmoja kurekodiwa studio.

Halafu ukafika mwaka 1979. Sylvia Robinson, mwimbaji aliyegeuka mfanyabiashara ya muziki kule New Jersey, akakusanya vijana watatu akawaita Sugarhill Gang. Wakaingia studio. Bendi ikapiga upya mapigo ya wimbo wa kundi la Chic, vijana wakachana juu yake kwa zaidi ya dakika 14. Santuri ikauzwa kweli kweli. Sasa niambieni, DJ yuko wapi humo? Hayupo. Walihitaji sauti za vijana, na bendi ilitosha kwa mengine. Miaka mitatu baadaye ukatoka “The Message”, wimbo uliowaonyesha watu kwamba rap inaweza kusimulia dhiki ya mtaa. Kwenye lebo limeandikwa jina la Grandmaster Flash na kundi lake, ila Flash mwenyewe hakushiriki kuutengeneza. Jina la DJ lilibaki kama bango la duka ambalo mwenyewe ameshahama.

DJ alirudi kwa mlango wa nyuma, akiitwa prodyuza, yaani mtengenezaji wa biti. Mwaka 1987 ilitoka mashine ya SP-1200, inayokata vipande vya nyimbo za zamani na kuvipanga upya. Kumbukumbu yake ilibeba sauti ya sekunde 10 hivi tu! Mafundi wakawa wanaicheza santuri kwa kasi ili kipande kiingie kikiwa kifupi, kisha wanakipunguza mwendo ndani ya mashine. Ule mkwaruzo wa sauti mnaousikia kwenye hip hop ya New York ya zama hizo, ule ambao watu wanausifia kama roho ya muziki, kwa sehemu ni matokeo ya ufinyu wa kumbukumbu.

Na ufundi huo ulikatwa na mahakama. Desemba 1991, katika kesi iliyomkabili mchanaji Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa mtu bila ruhusa, jaji alifungua hukumu yake kwa amri ya Biblia, “Usiibe”. Tangu hapo kila kipande kikawa na bei. Mwenye fedha akalipia au akaita wapigaji wapige upya, kama alivyofanya prodyuza Dr. Dre mwaka 1992. Asiye nazo akabuni sauti zake mwenyewe.

Kwetu Dar es Salaam, mwaka huohuo wa 1991, Saleh Jabir anashinda shindano la Yo Rap Bonanza kwa kuchana Kiswahili juu ya biti ya Kimarekani. Kundi la Kwanza Unit linaungana 1993. Vichwa vipo, mistari ipo, mashine hakuna. Ndiyo maana wa mwanzo wengi walichana juu ya mapigo ya watu. Redio binafsi zilipoanza mwaka 1994, aliyekuwa na nguvu akawa mtangazaji: Taji Liundi wa Radio One akikupiga, mji mzima unakujua. Kisha zikaja studio za P-Funk Majani, Master Jay na Miikka Mwamba, yule Mfini. Sikilizeni “Ndio Mzee” ya Profesa Jay, ya mwaka 2001. Mgombea anaahidi, umati unaitikia. Ni mkutano wa kampeni mtupu, na Jay mwenyewe alikuja kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Wote tunamkumbuka Jay. Wangapi humu wanamkumbuka aliyetengeneza biti?

Sasa nitawaudhi baadhi yenu. Mkiniuliza mtoto wa Kool Herc hapa mjini ni nani, sitawatajia mchanaji yeyote mwenye kofia. Nitawapeleka Tandale na Manzese, kwenye vigodoro, zile ngoma za usiku za mtaani. DJ ana kompyuta iliyochoka, anachukua kipande cha taarabu, anakizungusha, anakikimbiza kasi mpaka kinakuwa kitu kingine, na pembeni kuna kijana mwenye maiki anataja majina ya watu wa mtaa. Shughuli ni ya jirani, spika za kukodi, wachezaji wanasubiri pale panapokolea. Singeli ndiyo hiyo. Najua wana-hip hop wa safu ya tatu wameshakunja uso. Maiki iko pale katikati, anayepinga aje.