Kodi Moja ya Nahodha

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana. Wengi mmeshanisikia, na nitarudia mpaka kila mtaa wa Lamu uwe na kikundi chake: upweke unawala wazee wetu, na dawa mojawapo ni ukulele, vigitaa vidogo vya nyuzi nne, zikipigwa kwa pamoja.

Jirani yangu mmoja alikuwa nahodha. Alipouza jahazi lake akabaki barazani kwake kutwa. Ukimtolea salamu huitikia kwa kichwa. Mjukuu wake ndiye aliyemleta kwetu. Akatazama vidole vyake, vimekomaa kwa kamba, akasema, "Mwanangu, haya si ya mikono hii." Nikamwonyesha kodi ya C, yaani sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja: kidole kimoja tu, uzi wa chini kabisa, nafasi ya tatu. Nyuzi zenyewe nne, za nailoni, hazichomi kama za chuma. Akabana, akapiga, ikalia.

Jioni ile tulipiga wimbo wa kodi tatu. F na G tulizibeba sisi, yeye akangoja C yake. Na alivyongoja! Macho kwenye mkono wa jirani, mguu unahesabu, midomo inaimba. C ilipofika, naye yupo. Wiki ya tatu hakuonekana. Kabla ya Isha watu wanne walikuwa wamebisha mlangoni kwake, wakamkuta na homa. Hiyo ndiyo faida ninayoipigia kelele. Ukipiga peke yako chumbani, siku ukinyamaza nani atajua?

Mtu ataniambia: hicho kitu cha kigeni, sisi tuna udi na kibangala, ala zetu za nyuzi. Udi naupenda, na marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi mashuhuri, alizaliwa papa hapa Lamu. Lakini shingo ya udi haina vigawanyo, kidole hutafuta sauti chenyewe, na hilo lataka miaka. Na ukulele pia ilikuja kwa chombo. Mwaka 1879 vibarua wa Kireno kutoka Madeira walishuka Honolulu kwenda kwenye mashamba ya miwa, wana kigitaa chao kidogo. Watu wa Hawaii wakakifanya chao. Sisi kwa Wareno tulichukua meza na leso. Nani leo anakataa leso?

Wanaoona nyuzi hazifai siwashurutishi. Waje na matari, waimbe. Kuimba kunavutisha pumzi ndefu, kukariri maneno kunaiamsha kumbukumbu. Mengi yamebaki, ila adhana imekaribia.

Ukulele sita hizi hapa mezani. Nahodha amekaa mstari wa mbele. Msogeleeni, atawaonyesha C.