Kabla Hujabonyeza Y

Hamjambo. Wengi wenu mshanisikia kwa jambo hili, na leo mtanisikia tena. Malalamiko ni yaleyale: "apt imeharibu mashine." Apt, ile inayoweka na kuondoa programu kwenye Ubuntu na ndugu zake wa Linux, ilikuuliza swali, nawe ukabonyeza Y bila kusoma.

Kwenye video ya Novemba 2021, Linus Sebastian, yule wa YouTube, alitaka kuweka Steam, duka la michezo ya kompyuta, kwenye Pop!_OS, aina ya Linux iliyojengwa juu ya Ubuntu. Kifurushi kimoja cha biti 32 kilikuwa hakijafika ghalani, yaani kwenye seva ambako apt huchukua vifurushi, kwa hivyo matoleo hayakulingana, na suluhisho ambalo apt iliona ni kung'oa mazingira mazima ya eneo-kazi. Ilimwonya. Ikamtaka aandike, herufi kwa herufi, `Yes, do as I say!` Akaandika. Aliporudi, hakuna dirisha wala ikoni, maandishi tu kwenye skrini nyeusi. Kosa la ghala lilikuwa la watengenezaji, sawa. Lakini hebu tuambiane ukweli: nani humu ndani husoma ile aya inayoanza na `The following packages will be REMOVED`? Mikono? Haya, miwili.

Basi fanyeni jaribio kavu kwanza: `apt-get -s install jina | grep ^Remv`. Haidai sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, na haigusi chochote. Isipotoa mstari, endelea. Ikitaja `ubuntu-desktop` peke yake si msiba, hicho ni kifurushi kitupu kinachovuta vingine. Ikiandamana na `gdm3`, skrini ya kuingilia, na `network-manager`, inayosimamia mtandao, ondoa mkono kwenye kibodi. Na `-y`, inayojibu ndiyo kwa niaba yako, tafadhali, iacheni kwenye hati za seva. Mtu aliyeketi mbele ya skrini anaharakia wapi?

Najua mtakachosema: mbona itake kuondoa vitu vyangu, na mimi nimeomba kimoja tu? Kwa sababu miezi sita iliyopita uliongeza PPA, ghala la nje la mtu au kikundi, upate toleo jipya la programu ya kuhariri video. PPA hiyo haikuja na programu moja. Ilikuja pia na maktaba zake, msimbo ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja. Kwa kawaida maghala yote hupewa kipaumbele sawa, 500, na yakilingana, namba kubwa ya toleo ndiyo hushinda. Maktaba za mfumo zikabadilishwa kimyakimya, ukasema "imekubali!"

Kisha ukaiondoa PPA, ukadhani umesafisha. Ulichofuta ni anwani tu; vifurushi bado vimo. Toleo lake ni la juu kuliko la Ubuntu, na apt hairudishi toleo nyuma mpaka kipaumbele kifike 1000. Sasa programu yoyote inayotaka maktaba ile kwa toleo kamili la Ubuntu inakwama, unaandikiwa `you have held broken packages`, nawe hujazuia kifurushi hata kimoja. Hapo ndipo watu huanza kubandika amri wasizozielewa.

Kuikagua: `apt policy jina-la-maktaba` itakuonyesha kilichowekwa na kinachopatikana ghalani. `apt list '?obsolete'` itakutolea mayatima, vile visivyo na ghala tena. Dawa ni `sudo ppa-purge ppa:jina/ghala`, inayorejesha matoleo ya Ubuntu, lakini uitumie PPA ikiwa bado imewashwa, na kabla ya kuhama kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Uhamisho wenyewe huzima maghala ya nje, ukachelewa. Na mkumbuke kila kifurushi cha `.deb` kinaweza kubeba hati ya `postinst` inayoendeshwa kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Mwenye PPA umempa ufunguo wa nyumba.

Nimekula muda. Kufuli, faili linalozuia programu mbili kuweka vifurushi kwa wakati mmoja: ukiona `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, usifute faili. Ujumbe huohuo unakupa namba ya mchakato. Mara nyingi ni `unattended-upgrades`, masasisho ya kiotomatiki, subiri. Ukifuta, mchakato wa kwanza bado unaandika, wa pili unaunda faili jipya na kujifungia humo, wote wawili kwenye hifadhidata moja ya dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kuweka vifurushi. Stima ikipotea katikati ya kazi, kufuli hutoweka yenyewe, kwa kuwa huishi kwenye kumbukumbu ya kerneli, kiini cha mfumo. Mashine ikiwaka, `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt -f install`.

Pip, inayoweka vifurushi vya Python: Debian 12, Linux ambayo Ubuntu imetokana nayo, inaizuia kuweka vitu kwenye Python ya mfumo, na inafanya vyema. `python3 -m venv ~/kazi`, upate Python ya pembeni, basi. Ile `--break-system-packages` imejieleza kwa jina.

Snap, mfumo mwingine wa vifurushi kwenye Ubuntu, hukagua masasisho mara nne kwa siku, na hapa Nairobi mnajua bando la simu linavyoyeyuka. Tia alama ya muunganisho wa kupimwa (metered) kwenye mipangilio ya mtandao, kisha `sudo snap set system refresh.metered=hold`. Flatpak, mshindani wa Snap, siifikii leo. Naona mkono huko nyuma, tangu nitaje pip haujashuka. Haya, uliza.