Debe la Nani? Ukubwa wa Namba Kwenye Programu

Ndugu zangu, nianze na pesa, maana hapo hakuna anayesinzia.

Chukueni programu ya duka iliyoandikwa kwa lugha ya C. Inahesabu pesa kwa senti, na jumla inawekwa kwenye namba ya aina ya long. Kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux wa biti 64, long ina biti 64; biti ni nafasi moja ya 0 au 1, na zikiwa nyingi namba kubwa zaidi inaenea. Hata bajeti ya nchi inaenea. Msimbo uleule ukienda Windows ya biti 64, long ni biti 32. Mwisho wake 2,147,483,647. Kwa senti, hizo ni shilingi 21,474,836 na senti 47: bei ya kiwanja, tena si cha Masaki. Senti moja zaidi, mara nyingi jumla inageuka hasi, na mteja anadai duka.

Windows haina kosa. Kanuni za C zinataka long isipungue biti 32, basi. Long ni kama gunia sokoni: kuna gunia na kuna lumbesa. Mwaka 1999 C ikaletewa int32_t na int64_t, aina za namba zenye biti 32 na 64 kamili, yaani mzigo uliokwisha pimwa kwenye mizani. Tumieni hizo.

"Lakini mwalimu, majaribio yetu yote yalipita." Yalipita, ndiyo! Jaribio lilinunua sukari ya shilingi 5,000. Hilo mliendeshe kila usiku kwenye mashine kumi, litapita kote.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikasambaratika kabla ya sekunde 40. Namba ya desimali ya biti 64 ilisukumwa kwenye namba kamili ya biti 16, haikuenea. Programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako namba ile haikuwahi kukua hivyo, na hakuna aliyeijaribu kwa njia ya angani ya Ariane 5. Kwa hiyo jaribio lenu lipewe 2,147,483,647, kisha liongezewe moja, kwenye kila mfumo mnaouuza.

Naona mkono pale nyuma. Unauliza kuhusu char, aina ndogo ya namba inayotunza herufi? Hiyo ndiyo korofi kuliko zote. Kwenye kompyuta zenye prosesa ya Intel kwa kawaida inabeba namba hasi. Kwenye Linux inayoendeshwa na prosesa ya aina ya ARM kwa kawaida haibebi. Ukijaribu kwenye laptopu yako ya Intel kisha ukaipeleka programu kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye ARM, kule inaendeshwa programu ambayo hukuijaribu.