Kanga haikungoja hati

Asanteni. Dada wa mstari wa mbele, nishikie ncha hii tuitandaze. Haya. Hii ni kanga ya marehemu bibi yangu. Pindo limechujuka, mji, yaani sehemu ya katikati, una tundu la mkaa wa pasi, lakini jina lasomeka: WASTARA HASUMBUKI WA MBILI HAVAI MOJA. Doti nzima aliificha sandukuni, akaitoa kwa harusi na misiba tu.

Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba sanaa ni kioo cha jamii, tukapata alama zetu. Leo nataka kugombana kidogo na hicho kioo: kanga haikuionyesha jamii tu, iliibadili.

Turudi Unguja ya karne ya 19. Mjakazi alijulikana kwa nguo kabla hajafungua mdomo: merikani, ile nguo nyeupe iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki, ikishatiwa rangi ya nili. Kujifunika kichwa kulikuwa heshima ya waungwana. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kufuta utumwa, lakini ilikuwa na masharti. Anayetaka uhuru aende mwenyewe mahakamani akauombe, na masuria waliachwa nje mpaka 1909. Sasa tazameni wanawake wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja walikoishi wanyonge, walivyofanya. Walinunua kanga, na kanga huuzwa jozi: moja kiunoni, ya pili kichwani. Yule aliyekatazwa kujifunika anapita sokoni kajitanda, tena kwa maua na rangi. Hati ya mahakama ilihitaji hakimu. Doti ilihitaji senti za kuuza maandazi.

Kisha yakaja maneno. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Ukizipanga kanga kwa umri utaona jinsi shule za Wazungu zilivyoingia, bila kufungua kitabu cha historia. Viwanda navyo kwa miaka mingi vilikuwa ng'ambo ya bahari, kama India na Ulaya, kisha vikaja vya kwetu, kama kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Wanasiasa hawakuchelewa kuiona hiyo nafasi ya maneno kwenye nguo. Obama aliposhinda mwaka 2008, kanga yenye picha yake ilivaliwa hapa kwetu kana kwamba mtoto wa jirani kafaulu. Na za kampeni nani hazijui? (Naona mnacheka, kumbe mnazo!) Mgombea anadhani amenunua mgongo wa mama kwa miaka mitano. Mama anaifunga, anaitikia nyimbo, anapanda lori, anarudi. Kura anaijua yeye na Mungu wake.

Nyumbani kwetu zilikuwepo tatu za namna hiyo, za chaguzi tofauti. Moja ilibebea watoto wawili, mmojawapo ni mimi. Ya pili ilikuwa pazia la jikoni. Ya tatu bibi aliichana vipande akashikia masufuria ya moto, na uso wa mgombea ulikuwa ukigusa sufuria kwanza.

Dada, ikunje taratibu, tafadhali. Anzia kwenye pindo.